Mzigo Usioandikwa Kwenye Hati

 

Tunapoisoma habari ya Yusufu katika sura ya 37 ya Kitabu cha Mwanzo, macho yetu kwa kawaida huwatazama ndugu waliojawa na wivu, kisha kijana aliyetupwa shimoni. Ni mara chache tunawatazama wenye msafara. Hawa walikuwa wachukuzi. Walitoka Gileadi, ngamia wao wamebeba manukato, zeri na manemane, wakishuka Misri kama walivyozoea kushuka. Hawakula njama dhidi ya Yusufu wala hawakumchukia. Pengine hata jina lake hawakuliuliza. Vilitolewa vipande ishirini vya fedha, kijana akaongezwa juu ya shehena, na safari ikaendelea. Uovu ule ulibuniwa na ndugu zake, lakini ndugu hao hawakuwa na ngamia wa kumfikisha Misri. Ilibidi apatikane mtu wa kubeba asiyeuliza anachobeba.

Juma hili tumeona vema kuwatafakari hao wenye msafara, kwa maana mji wetu wa Mwanza unaishi kwa uchukuzi. Wengi wenu mna malori, mabasi, mitumbwi, maguta na bodaboda. Wengine mnakula jasho la kupakia na kupakua. Habari hii inatuhusu.

Tena inatuhusu kwa historia. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora, na tawi lake moja likapanda kaskazini hadi Kageye, kando ya ziwa letu. Kwa njia hiyo zilipita nguo, shanga, bunduki na pembe za ndovu. Na walipita wanadamu. Wanahistoria wanatukumbusha kwamba wapagazi wengi wa njia ile walikuwa watu huru, Wanyamwezi na Wasukuma, waliopatana ujira kabla ya kufunga mizigo na waliojua kugoma pale ahadi ilipovunjwa. Lakini katika njia hiyo hiyo walitembea pia wanaume, wanawake na watoto waliotekwa, wengine wamebebeshwa pembe zilizokwenda kuuzwa pamoja nao. Jua lilikuwa lile lile na uzito ulikuwa ule ule. Tofauti yao ilikuwa kwamba mmoja aliweza kuutua mzigo akarudi kwao, na mwenzake hakuweza. Tunawaomba mlishike jambo hilo, maana litatusaidia mbele.

Imani Katoliki ilifika kwetu kwa njia hiyo hiyo. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868, walifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo mwaka 1878 hadi ufukoni mwa ziwa hili, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa mji wetu, ambako walilelewa pia watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1888, Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili waraka wake wa kulaani utumwa, na mwaka huo huo Kardinali Lavigerie akazunguka miji ya Ulaya akiyahubiri yaliyokuwa yakitendeka katika Afrika yetu. Mwaka uliofuata aliwasili Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, Adriani Atiman, kijana kutoka Mali aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa uganga huko Malta, akawa katekista na tabibu wa watu hadi alipofariki mwaka 1956. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukatanguliwa kisheria visiwani mwaka 1897, na Tanganyika ikasubiri hadi mwaka 1922. Ni juzi tu, wapendwa. Wapo kati yetu wazee ambao wazazi wao walizaliwa kabla ya sheria hiyo.

Je, yalikwisha? Shirika la Kazi Duniani na washirika wake walikadiria kwamba katika siku yoyote ya mwaka 2021, watu milioni 49.6 walikuwa wakiishi katika utumwa mamboleo: milioni 27.6 katika kazi za kulazimishwa na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Zaidi ya milioni 12 kati yao walikuwa watoto. Minyororo ya chuma imepungua. Mahali pake yamekuja madeni yasiyolipika, vitambulisho vinavyoshikiliwa, vitisho, na ahadi za shule ambayo haionekani.

Nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Namba 6 ya mwaka 2008. Tuisikilize lugha yake: usafirishaji. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2000 ambao sheria hiyo inaufuata hautaji mnunuzi na muuzaji peke yao. Unamtaja anayetafuta watu, anayewasafirisha, anayewahamisha, anayewaficha na anayewapokea. Mwenye ngamia amewekwa ndani ya kosa. Na kwa mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18, hata akisema amekubali mwenyewe, kukubali kwake hakumwondolei mkosaji hatia.

Katika ufuko wetu mambo haya yana sura tunazozifahamu. Yuko binti anayetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, naye akifika anakuta ndoo, watoto wa kulea, na mlango unaofungwa kwa nje. Yuko mvulana anayevuta nyavu za dagaa usiku wa giza, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, na asubuhi anaambiwa kwamba ujira wake umekwisha kwa chakula alichokula. Wako wanaopelekwa machimboni. Hapa hapa Mwanza, shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na Angela Benedicto ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mfanyakazi wa nyumbani, limekuwa likiwapa hifadhi watoto waliotoka katika hali hizo. Hakuna hata mmoja wao aliyefika mjini kwa mbawa. Kila mmoja alipandishwa kwenye chombo cha mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwema, mwenye familia, tena msali.

Mwezi Juni mwaka 2025 lilizinduliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3. Tumemshukuru Mungu kwa daraja hilo, maana tunayakumbuka masaa tuliyoyapoteza tukingoja kivuko. Lakini tumewaza pia hivi: kwenye foleni ya kivuko watu walishuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakasalimiana. Mtoto aliyekuwa akilia alionekana, na mama mmoja aliweza kumwuliza anakwenda kwa nani. Leo gari linapita kwa dakika chache, vioo vimefungwa. Barabara inapokuwa nzuri, jicho la njiani hupungua, na wajibu wa yule anayeshika usukani huongezeka.

Mwaka jana muumini mmoja wa parokia yetu, mwenye kampuni ndogo ya kuhamisha vyombo vya nyumbani, alitujia na bahasha. Ametupa ruhusa ya kuandika, bila kulitaja jina lake. Kampuni moja ya kigeni ilitaka awahamishe wafanyakazi wake kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, na kabla ya kumpa kazi ilimtumia karatasi ya maswali: anazuiaje utumwa mamboleo katika shughuli zake na kwa wale wanaompatia huduma na bidhaa? Karatasi za namna hiyo zimeenea tangu Uingereza ilipotunga sheria yake ya mwaka 2015, inayozitaka kampuni zenye mauzo ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka kutoa taarifa ya hatua zinazochukua, nazo huwauliza wadogo wanaofanya kazi chini yao.

Ndugu yetu alikuwa akicheka. “Baba Paroko, hawa wanadhani bado tupo enzi za Tippu Tip? Mimi sina mtumwa. Nina vijana tu. Naomba unisaidie Kiingereza nijaze ‘hakuna’ kila mahali, mambo yaishe.”

Tulimwambia tutamsaidia Kiingereza, ila tujaze swali moja moja kwa ukweli. Tukaketi.

Madereva wake na mautingo walikuwa na mikataba. Hapo hapakuwa na shida. Lakini kabati, friji na makochi havibebwi na dereva. Hubebwa na vijana sita hadi kumi wanaoletwa na nyapara kila inapopatikana kazi. Yeye humlipa nyapara fedha yote kwa mkupuo. Kila kijana anapata kiasi gani? Hakujua. Wanalala wapi? Hakujua. Wana umri gani? “Ni vijana, Padre, wana nguvu.” Tukamwomba akaulize, tena awaulize wenyewe, nyapara asipokuwapo.

Alirudi baada ya siku tatu, na hakuwa akicheka. Wawili kati yao walikuwa wameletwa kutoka kijijini na nyapara, na nauli yao ikaandikwa deni. Chakula cha mama lishe kiliandikwa deni. Godoro la kulalia likaandikwa deni. Mmoja kitambulisho chake kilikuwa kwa nyapara “kwa usalama” hadi deni liishe, na kila alipobeba, deni halikupungua. Wa pili alikuwa na miaka 15. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeitaja kazi ya kubeba mizigo mizito miongoni mwa kazi hatarishi ambazo mtoto hapaswi kufanyishwa, sambamba na uchimbaji na kazi za majini. Naye alikuwa akipandisha majokofu ngazini.

“Padre,” alisema, “mimi nimelipa kila kitu. Sijala hata senti ya mtu.”

Na alisema kweli. Msafara wa Gileadi nao haukuwa na deni la mtu. Tukamkumbusha kipimo cha wapagazi wa kale: je, kijana huyu akisema leo “nimechoka, naenda kwetu,” anaweza kuutua mzigo na kwenda? Ikiwa hawezi, basi jina tunaloipa kazi yake halibadilishi kitu. Hatuna budi kuongeza kwamba kazi ya kubeba ni kazi ya heshima; kinachoiharibu ni kumfunga anayebeba asiweze kuiacha.

Alichokifanya baada ya hapo tunakisimulia kwa sababu kinaweza kuigwa. Aliacha kumlipa nyapara fedha za wengine; kila kijana sasa analipwa mkononi mwake au kwenye simu yake, na nyapara analipwa ujira wake wa usimamizi. Alidai kitambulisho kikarudishwa siku ile ile, na deni lile lisilo na mwisho likafutwa. Huyu wa miaka 15 hakumfukuza tu, maana kumfukuza mtoto aliye mbali na kwao ni kumkabidhi kwa mwingine. Alikwenda naye Ofisi ya Ustawi wa Jamii, wakatafutwa ndugu zake, akarudi kwao. Kisha akauliza habari za mlinzi wake wa usiku, za wanaoosha magari yake, na za binti anayewapikia vijana pale uani. Kila alipouliza alikuta mtu. Gharama zake zilipanda, na bei yake ikapanda pia.

Baadaye dereva wake alitueleza jambo ambalo hatujalisahau. Alisema: “Padre, sisi tunaijua nyumba ya mtu kuliko Jumuiya inavyoijua. Jumuiya inaishia sebuleni. Sisi tunaingia mpaka stoo. Tunahesabu vitanda.” Tulimwomba afafanue. Akasema kwamba familia inapohama, kila mtu ana godoro lake na sanduku lake, na mpakiaji huviandika vyote kwenye hati ya mizigo. Lakini mara nyingine wanamaliza kupakia, lori limejaa, na pale mlangoni amesimama binti ambaye hakuna kitanda chake kilichopakiwa, wala sanduku, isipokuwa mfuko wa plastiki. Amelala wapi miaka yote? Jikoni, chini.

Siku moja, alisema, mteja aliyekuwa akihamia Dar es Salaam aliomba binti wa namna hiyo, wa miaka kama 13, apande nyuma ya lori pamoja na vyombo ili kuokoa nauli ya basi. Safari ya zaidi ya kilometa 1,000, chini ya turubai, katikati ya makabati. Dereva alimwuliza binti kwao ni wapi, alitaja kijiji. Alimwuliza kama mama yake anajua kwamba anahama; akatazama chini. Dereva akampigia mwenye kampuni, na mwenye kampuni akasema lori lake halibebi mtu nyuma, na binti huyo hatabebwa na gari lake lolote mpaka wazazi wake wapigiwe simu. Mteja alikasirika. Alishusha vyombo vyake, akatafuta lori jingine, nalo halikukosekana. Baada ya hapo wateja wengine wawili wa ofisi ile ile walivunja mapatano yao. Kwa mwenye malori matatu, hilo si jambo dogo. Ada ya shule ya mtoto wake wa pili ilichelewa muhula ule.

Asubuhi yake alikwenda Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi, kutoa taarifa. Walipofika kwenye nyumba ile walikuta mlango umefungwa na chumba kitupu. Hadi leo hatujui binti yule alifikia wapi.

Tumelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Kama wale wenye msafara wangekataa kumnunua Yusufu na kupita zao, dhamiri yao ingekuwa safi, na Yusufu angebaki shimoni. Kukataa kubeba ni hatua ya kwanza, wala tusiidharau, kwani ndugu yetu ameilipia. Hatua ya pili ni kupaza sauti wakati mtoto bado yupo mbele yetu. Namba 116, Namba ya Simu ya Huduma kwa Mtoto, hupigwa bila malipo. Dereva yule sasa ameiandika kwa kalamu juu ya kioo cha gari, mahali ambapo madereva wengine huandika majina ya watoto wao.

Nasi tusio na malori tusijione tumepona. Tunapohama tunatafuta bei ya chini kuliko zote, na mara chache tunajiuliza imewezekanaje kuwa ya chini hivyo. Nani ameipunguza? Mafuta hayakushuka kwa ajili yetu, wala matairi. Mara nyingi kilichopunguzwa ni jasho la yule kijana aliyepandisha friji yetu ghorofani. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anaonya kwamba ujira uliozuiwa wa vibarua hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Mungu. Papa Leo XIV alipochagua jina lake mwaka 2025 alieleza kwamba alimkumbuka Leo XIII aliyetetea haki za wafanyakazi katika waraka wake wa mwaka 1891. Ni Leo yule yule aliyelaani utumwa mwaka 1888. Mambo hayo mawili yalikaa katika moyo mmoja, nayo yanapaswa kukaa pamoja katika mioyo yetu.

Wazazi mlioko visiwani na vijijini, nanyi tunawasihi. Anayekuja na ahadi ya kumsomesha binti yenu mjini, mwulizeni shule gani, mtaa gani, namba gani ya simu. Mpelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwa katekista, waandike. Mwenye nia njema hataona aibu kuandikwa. Nanyi mlio na wafanyakazi majumbani, jiulizeni kimya kimya leo usiku: siku tukihama, je, kitanda chake kitakuwa katika orodha?

Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyezaliwa Darfur nchini Sudan, alitekwa akiwa mtoto mdogo na kuuzwa tena na tena, hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Hilo la Bakhita alipewa na waliomteka, na asili yake ni moja na neno letu “bahati.” Mwaka 1889 mahakama ya Venezia ilithibitisha kwamba yeye ni mtu huru, mwaka uliofuata alibatizwa, kisha akawa mtawa wa shirika la Wakanosa, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu. Kumbukumbu yake ni tarehe 8 Februari, siku ambayo tangu mwaka 2015, kwa mapenzi ya marehemu Papa Fransisko, Kanisa lote linasali dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Tunapomwomba atuombee, tumkumbuke pia yule binti wa mfuko wa plastiki, ambaye jina lake Mungu analijua.

Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, tunawaalika katika ukumbi wa parokia wote wenye vyombo vya usafiri, madereva, mautingo na wapakiaji. Atakuwepo afisa wa Ustawi wa Jamii. Ndugu yetu amekubali kuja na ile karatasi ya maswali, safari hii ikiwa imejazwa kwa Kiswahili, ili kila mmoja aondoke na nakala yake. Njooni na manyapara wenu pia, hatutamhukumu mtu.

Mwenyezi Mungu awabariki, awalinde walioko njiani usiku huu, na awarudishe kwao wote waliochukuliwa. Amina.